Kazi Nilizorekebisha Wanafunzi Wakiwa Shambani

Kwa walimu vijana wa karakana,

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa maneno yatakayokosewa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa mtu wa mwisho kumaliza imla. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima, na herufi za r na l bado zinanichanganya kama zinavyowachanganya wengi wa huku kwetu. Mkikuta neno halisomeki, lirukeni mwendelee na linalofuata. Mmeniomba niandike jinsi nilivyofundisha useremala, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani nina nafasi. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilizaliwa Ngara, kwenye kilima kinachotazama upande wa Rusumo. Nilikuwa kijana mwenye aibu. Mama akinituma kuomba moto kwa jirani, nilisimama nje ya ua mpaka mbwa anibwekee, ili mwenye nyumba atoke mwenyewe aone kuna nini. Nilipomaliza shule baba alinipeleka kwa Fundi Balitazari, mzee aliyejifunza useremala misheni tangu enzi za wakoloni.

"Shikamoo, Fundi," baba alimwambia. "Huyu mwanangu haongei. Nimefikiri labda mbao zitamfaa."

"Marahaba. Mbao nazo haziongei," Fundi akajibu. "Watapatana."

Siku ya kwanza alinipa ubao wa mkaratusi na randa, akasema ninyooshe. Wiki tatu nilinyoosha ubao uleule mpaka ukawa mwembamba kama jani la mgomba. Nilikuwa nimeshika randa kwa mkono wa kushoto. Mnajua huku kwetu mkono huo haupewi kitu cha heshima. Humpi mkubwa kitu kwa kushoto, wala hupokei. Shuleni nilichapwa mpaka nikaandika kwa mkono wa kulia. Fundi alinitazama siku nzima, jioni akauliza:

"Unakula kwa mkono upi?"

"Wa kulia, Fundi."

"Na kuandika?"

"Wa kulia."

"Basi huyo mwingine mwache naye afanye kazi. Amekaa bure miaka mingi."

Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na njia yake ya kusahihisha. Kila Jumamosi, wateja wakiwa wamejaa pale kuchukua vitu vyao, alichukua kigoda cha mwanafunzi mmoja, akakiweka katikati ya watu na kukikalia. Kigoda kikitulia, aliendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna lililotokea. Kikilia au kikiyumba, alisimama, akakivunja kwa mguu na kukisukuma chini ya sufuria ya maharage. "Leo tunapika kwa mninga," alisema. "Matajiri sisi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Changu kilichomwa mbele ya watu wa harusi waliokuja kuchukua kitanda. Mmoja wao alikuwa binti niliyekuwa nikimtazama kanisani. Siku iliyofuata sikwenda kazini. Nilikaa mgombani kwetu, nikaapa kwamba Mungu akinijalia kufundisha, hakuna mwanafunzi wangu atakayeaibishwa mbele ya watu. Kiapo hicho nilikitimiza, na ndicho kilichoniharibia kazi.

Operesheni ya vijiji ilitukuta tumeshahamia Biharamulo, upande wa Nyamigogo, ambako baba alipata shamba. Watu waliletwa kutoka mabondeni na maporini, wakapangiwa viwanja kwa mistari. Nyumba zilijengwa haraka, lakini milango haikuwepo. Watu waliziba kwa mikeka na matawi. Katibu wa kijiji alisimama mkutanoni akauliza nani anajua kutengeneza mlango. Baba akanyoosha kidole kunielekea. Kwa namna hiyo nilipata kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Baada ya muda serikali ilisema vijana wanaomaliza darasa la saba wafundishwe ufundi palepale kijijini, maana kazi za mjini hazikuwa za kuwatosha wote. Tukajengewa kituo: paa la bati juu ya nguzo nane, bila kuta. Tulikuwa na meza sita za kazi, misumeno mitano, randa nne, na skwea moja tu ya chuma ya kupimia pembe. Skwea nyingine tulizitengeneza kwa mbao, na kila Jumatatu tulizilinganisha na ile ya chuma kama watu wanaolinganisha saa. Wanafunzi walikuwa kumi na sita kila kundi.

Siku ya kwanza ya kundi la tatu siwezi kuisahau. Makundi mawili ya mwanzo yalikuwa ya vijana wapole, lakini hili lilikuwa na Laurenti. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane, na familia yake ilikuwa imekimbia kutoka Burundi. Baba yake alifia njiani, mama yake akapewa shamba dogo kijiji cha jirani. Mimi, kama kawaida yangu, niliwapa wanafunzi mgongo nikaeleza somo lote nikiutazama ubao niliokuwa nao mezani.

"Mwalimu," Laurenti akasema, "huo ubao umeelewa vizuri sana. Na sisi je?"

Karakana nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na jambo hilo lilinishangaza. Kuanzia siku hiyo nilimpenda yule kijana.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Jumatano na Jumamosi wanafunzi walikwenda shamba la kijiji kulima pamba pamoja na watu wote. Mimi niliruhusiwa kubaki ili ninoe vyombo. Kunoa msumeno ni kazi ya utulivu: unaubana kati ya mbao mbili, unapitisha tupa jino kwa jino, halafu unalaza jino moja kushoto na linalofuata kulia ili msumeno usikwame. Misumeno mitano humalizika mapema ukiwa peke yako. Ndipo nilipokuwa nikisogea kwenye rafu ya kazi za wanafunzi.

Nilijua kosa la kila mmoja. Huyu alitoboa tundu kubwa kuliko ulimi. Yule aliacha randa irukeruke mwishoni mwa ubao. Laurenti alikuwa na lake. Fremu huungwa kwa ulimi wa ubao mmoja kuingia kwenye tundu la ubao mwingine, na kabla ya kukata ulimi lazima mstari uzungushwe kwa skwea pande zote nne. Laurenti alichora upande mmoja tu, akaamini macho yake. Msumeno ukishuka bila mstari wa kuufuata hupotea, na fremu ikiungwa inakuwa mshazari.

Nilitakiwa kumwambia. Kila mara nilipofungua mdomo niliona kile kigoda kikiingia motoni. Basi nikachukua patasi kwa mkono wangu wa kushoto, nikachonga kidogo hapa, nikapachika kibanzi na gundi pale, fremu ikanyooka. Wakirudi kutoka shambani wanakuta kazi zao ziko sawa, wanazipiga makofi kwa kiganja na kufurahi. Niliona nimefanya wema. Makundi mawili yalikuwa yameshaondoka kwa mtindo huo, kila mmoja na barua ya kituo, na wazee wa kijiji wakanisifu kwamba Mwalimu wetu hapigi kelele na wanafunzi wake wote ni hodari.

Vita vya Kagera vilipoanza, lori la wilaya lilichukuliwa, misumari ikaadimika, na wanafunzi wanne wakaenda mgambo. Sisi tuliobaki tuliagizwa kutengeneza machela za kubebea majeruhi: miti miwili mirefu, vipande viwili vya kuitenganisha, na turubai katikati. Hapo nilirekebisha zaidi kuliko wakati wowote, maana kosa lingemwangusha mtu aliyekwisha kuumia. Laurenti alitengeneza kumi na mbili. Nane nilizirudia.

Ofisa aliyekuja kuzichukua alijilaza kwenye mojawapo ya zile nane, akaamuru askari wawili wamnyanyue na kutembea naye kiwanjani. Aliposhushwa akauliza ni ya nani.

"Yangu, afande," Laurenti akasema.

"Kijana, kwenye hii hata mama mkwe wangu ningembeba."

"Ni mzito, afande?"

"Usiulize."

Watu walicheka. Laurenti alitembea wiki nzima kifua mbele.

Vita vilipokwisha, habari zilifika kwamba upande wa Missenyi nyumba nyingi zimebomolewa na maseremala wanatakiwa, lakini wanaandikishwa wenye cheti cha ufundi cha Daraja la Tatu tu. Barua ya kituo haitoshi. Mtahini angezunguka wilayani, kijiji kwa kijiji. Kabla ya hapo hakuna mtahini aliyewahi kufika kwetu.

Laurenti alikuja mezani kwangu. "Mwalimu, mimi katika nchi hii nina karatasi moja tu yenye jina langu. Inasema mkimbizi. Nikipata hii ya pili itasema seremala."

"Ndiyo," nikasema.

"Unadhani nitapita?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwambia. Nilisema, "Fanya polepole."

Mtahini alikuja kwa pikipiki, mtu mfupi mwenye sauti ya chini na madaftari mengi. Alitoa kazi: fremu ya dirisha, viungo vinne, muda wa saa sita, mwalimu akae nje ya ua wa karakana. Watahiniwa waliojiandikisha walikuwa watano. Nilikaa juu ya lundo la mabanzi pamoja na wazazi. Mama yake Laurenti alikuwa karibu yangu na kikapu cha viazi alivyomchemshia mwanawe. Karakana haikuwa na kuta na ua ulikuwa mfupi, kwa hiyo tuliona kila kitu. Nilimwona Laurenti akichora mstari upande mmoja. Nilimwona akiweka skwea chini. Nikainama nikatazama miguu yangu.

Wawili walipita kwa shida. Wawili wakaambiwa wafanye mazoezi zaidi. Laurenti alikuwa wa mwisho. Mtahini alivuta kamba kutoka pembe moja ya fremu hadi pembe inayotazamana nayo, akaikamata kwa kidole, akaipima kwenye pembe zile nyingine. Ilipungua upana wa kidole kizima. Alikwenda kwenye rafu, akachukua fremu ya mazoezi yenye jina la Laurenti, akaipima. Ilikuwa sawasawa.

"Hii nani kaitengeneza?"

"Mimi."

"Shika patasi. Chonga hapa nione."

Laurenti akachonga. Mtahini aliweka ile fremu ya mazoezi mbele yake. "Tazama alama za patasi. Zinatokea upande huu. Aliyechonga hapa anatumia mkono wa kushoto. Wewe unatumia wa kulia."

"Mzee, hiyo ni yangu! Waulize wote hawa!"

"Umeniwekea kazi ya mtu mwingine ukaandika jina lako. Nitaandika udanganyifu. Na mtu akiandikiwa hivyo, mtihani huu hatafanya tena."

Mama yake hakusikia Kiswahili vizuri. "Avuze iki? Avuze iki?" akauliza, yaani amesema nini, na mwanamke mmoja akamweleza kwa Kirundi. Aliweka mikono kichwani.

Nikasimama. "Ni mimi," nilisema, lakini nadhani nilijisikia mwenyewe tu.

"Sema kwa nguvu, Mwalimu!" yule mwanamke akaniambia. "Wanamwandika huyo!"

"Ni mimi!"

Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kuku waliokuwa kwenye maranda walikimbia. Watu wote walinigeukia. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto juu, mbele ya wazazi, wazee na katibu, nikauacha hapo kwa kuwa sikujua la kufanya nao. Nikasema kila kitu: Jumatano, Jumamosi, patasi, gundi, machela. Nikasema Laurenti hajui lolote.

Mtahini akaja mpaka kwenye ua. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Sikutaka kumwaibisha."

Akawatazama watu waliojaa nje ya ua, akamtazama mama mwenye mikono kichwani, kisha akanirudia mimi. "Je, umefaulu?"

Nikashusha mkono. Mtahini alikata neno moja kwenye daftari lake akaandika lingine. "Udanganyifu nimeufuta," akamwambia Laurenti. "Lakini hukufaulu. Nitapita tena baada ya miezi mitatu." Halafu akaniambia mimi, bila hasira, kwamba akirudi akikuta alama moja tu ya patasi ya kushoto katika kazi ya mwanafunzi, atanifungia kituo.

Laurenti aliiweka ile fremu ya mtihani begani akaenda zake. Siku nne hakuonekana. Siku ya tano nilikwenda kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu.

Laurenti alikuwa amekaa chini, fremu imefunguliwa vipande vinne mbele yake.

"Laurenti, nimekuja."

"Nakuona."

Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Miaka miwili, Mwalimu," akasema. "Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Kila Jumatano?"

"Na Jumamosi."

"Ungeniambia. Ningekasirika siku moja. Sawa, mbili. Tatu, kwa sababu ni mimi." Akanisukumia kile kipande chenye ulimi. "Haya, niambie."

Niliinuka kuchukua skwea iliyokuwa kando yake nimwonyeshe. Akaweka mguu juu yake.

"Usinionyeshe. Niambie kwa mdomo."

Nikasema, "Unachora upande mmoja tu. Huzungushi mstari."

Alinyanyua kile kipande, akakigeuza taratibu, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akapitisha kidole pale msumeno ulipopotea. "Ni hilo tu?"

"Ndilo kubwa."

"Hilo tu!" Akacheka, lakini macho yalikuwa na machozi. "Kitu cha kusema dakika moja. Na madogo?"

Nikamtajia madogo. Yalikuwa sita. La sita nilimwambia anaongea sana wakati wa kukata.

"Hilo sitaacha," akasema.

Kesho yake alirudi karakanani. Kuanzia hapo Jumatano na Jumamosi nilipomaliza kunoa nilitoka nje nikakaa juu ya mabanzi, maana mkono ulikuwa unaniwasha. Wanafunzi wakirudi nilipita meza kwa meza. Hapa walimu vijana nisikilizeni, kwa kuwa ndicho kitu ninachokijua. Sikurudi kwenye njia ya Fundi Balitazari. Nilisimama karibu na mwanafunzi, nikaongea kwa sauti ya kumfikia yeye tu, nikaweka kidole juu ya kosa nikamwuliza anaona nini. Akishindwa kuliona nilimtajia. Na sikumpokonya patasi mkononi, hata kama ilichukua siku mbili. Wiki za mwanzo nilikuwa nikilala nimechoka kuliko mtu aliyepasua mbao kutwa. Maneno machache tu yalinichosha hivyo.

Laurenti aliharibu mbao nyingi. Katibu alilalamika kwamba mninga wa kijiji unaishia jikoni. Nikamjibu, mimi niliyekuwa siwezi kumjibu katibu, kwamba mbao hizo ndiyo shule yenyewe. Alinitazama kama aliyesikia mbuzi akisalimia.

Mtahini alirudi kama alivyosema. Laurenti alizungusha mstari pande zote nne, tena kwa madaha, akiugeuza ubao ili watu wa nje ya ua waone. Aliongea kazi nzima, mtahini akamwambia mara mbili anyamaze. Jioni kamba ilivutwa pembe hadi pembe, kisha pembe hadi pembe. Mtahini akaipima tena mara ya tatu, nadhani kwa ajili yangu, akafungua daftari akaandika kwamba amefaulu.

Wiki mbili baadaye tulimsindikiza Laurenti barabarani kungoja lori la kwenda Bukoba, aendelee mpaka Missenyi, na sanduku la vyombo alilolitengeneza mwenyewe. Lilikuwa na kosa moja: kifuniko hakikulala sawa upande wa bawaba. Nilimwambia kabla hajapanda.

"Nimeliona, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nangoja kama utasema."

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna wengine. Kabla ya Laurenti makundi mawili yalipita mikononi mwangu, vijana thelathini na wawili, na hakuna mtahini aliyewafikia. Waliondoka wakiamini kazi zile ni za mikono yao. Walikwenda Bisibo, Ngara, Rusumo, wengine sijui wapi. Sasa ni watu wazima. Labda mmoja amehangaika miaka yote hii na milango inayokwama asijue kwa nini, au aliacha ufundi akidhani mkono wake uliharibika baada ya kutoka kwetu.

Ninyi mnatembea kuliko mimi. Mkikutana na fundi aliyesoma kwenye ile karakana isiyo na kuta upande wa Nyamigogo kabla ya vita, mwambieni aniandikie kupitia ofisi ya kijiji. Aandike jina lake tu, inatosha. Kosa la kila mmoja wao ninalikumbuka mpaka leo. Nitamjibu, na safari hii nitamwambia.